Taa za Kapu la Ofa

Mume wangu Luseno alikuwa na ugonjwa wa ofa, nami nina ugonjwa wa kelele, kwa hivyo nyumba yetu haikukosa shughuli. Wanawake wengine huwatafuta waume zao kwenye baa. Mimi wangu, ikifika Jumatano, nilijua nitamkuta Donholm kwenye ile supamaketi ya bei ya chini ambayo sisi tuliizoea kwa jina la Kwa Ofa. Angekuwa ameinamia lile kapu kubwa la waya lililo karibu na mlango, anachakura kama kuku. Kapu lenyewe lilijaa vitu vilivyokataliwa kwingine: sufuria zilizobonyea, soksi zilizotengana na wenzao, chaja, pawabenki, na taa za baiskeli.

Taa za baiskeli ndizo zilizomwingia kichwani.

Wala sikatai kwamba alizihitaji. Luseno alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli. Kabla hakujapambazuka anakuwa ameshafika Kariobangi kwa Burale, Msomali mwenye tanuri la mikate, anapakia sanduku la bati kwenye keria, anaanza kuzunguka duka kwa duka, Umoja, Kayole, kisha anarudi kumalizia huku kwetu Dandora. Barabara zenyewe unazijua. Nguzo za taa zipo, taa hakuna, na waya ziliuzwa zamani kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mtu anayeendesha gizani pale anategemea macho yake na kile kimwanga kidogo kilicho mbele ya usukani. Na sisi tulitegemea hayo macho. Mboga zangu za kibandani, mrenda na kunde, zilikuwa za kuongezea tu. Karo ya mtoto wetu Vivian, kodi, unga, vyote vilipita kwenye miguu na macho ya Luseno.

Zamani alikuwa na dainamo, ile inayolia inapogusa gurudumu. Siku moja akarudi akasema dainamo imechoka, haimwoneshi kitu. Akaenda Kwa Ofa, akaleta taa ya kuchaji, nyeupe, nzuri, ina kibandiko cha manjano cha bei iliyokatwa. Alifurahi nayo mno. Haukupita muda akasema nayo ni hafifu. Akaleta nyingine. Nayo hafifu. Akasema labda tatizo ni chaji, maana tokeni za stima huisha upesi na taa inalala nusu tumbo, basi akaleta pawabenki nene kama tofali, imeandikwa elfu ishirini ubavuni. Akawa anaifunga chini ya usukani kwa mpira wa tyubu na kuichomeka kwenye taa huku anaendesha. Bado akasema haoni.

"Feki," nikamwambia.

"Feki," akakubali.

Jirani yetu Wayua, anayeishi mlango wa pili, naye akaja akaishika ile pawabenki, akaipima uzito kwa kiganja, akasema, "Hii wamejaza mchanga."

Hakuna aliyebisha. Sisi watu wa mitaa hii ya Eastlands tumeshauziwa simu mjini tukafika nyumbani tukafungua tukakuta kipande cha sabuni. Tumeshauziwa asali ya sukari guru na betri zilizokufa zikapakwa rangi. Kitu kikiwa rahisi na kikakataa kufanya kazi, hatuulizi maswali. Rahisi huvunja upishi. Wazee walishasema, sisi tuongeze nini?

Basi zikawa zinaingia tu. Taa ya mviringo, taa ya macho mawili, taa ya kuvaa kichwani kama mchimba migodi. Nyingine zilikaa juu ya kabati, nyingine chini ya kitanda, na mimi nikifagia nazisukuma kwa ufagio huku nazitukana. Nilimwambia, "Baba Vivian, siku moja nitaolewa na taa moja hapa, wewe nikuache." Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, Luseno, hata ukimpasulia ukweli usoni.

Mambo mengine yalikuwa yakitendeka hapo hapo nami nikiyapigia kelele moja moja, kila moja na kelele zake. Alipiga teke beseni langu la nguo zilizolowekwa, beseni jekundu, katikati ya ua, saa saba mchana. Nikamwuliza kama miguu yake ina macho ya ng'ombe. Alimimina chai kando ya kikombe. Aligonga bega kwenye nguzo ya kibanda changu, nguzo aliyoisimamisha mwenyewe, akauliza, "Hii mliiweka lini?" Wayua akaja kunishtaki kwamba mume wangu siku hizi ana maringo, anampita njiani bega kwa bega na salamu haitikii.

"Nimemsalimia mulembe kwa lugha yenu kabisa," akasema Wayua, Mkamba wa watu. "Kimya."

Nikamgeukia Luseno nikamwambia pawabenki zimempandisha cheo. Akasema hakumwona. Nikamwambia Wayua si sindano, mwanamke ana kilo zake. Tukacheka sote watatu, na Wayua ndiye aliyecheka zaidi.

Kisha ikaja asubuhi ile ya mkokoteni. Mtu alikuwa ameegesha mkokoteni wa maji kando ya barabara, umeingia kidogo tu njiani, na Luseno akauparamia akiwa na sanduku limejaa. Alinijia kibandani anasukuma baiskeli, goti limechanika, sanduku limepinda, na mikate yote ilikuwa imebaki mtaroni kwenye maji meusi. Alikaa juu ya gunia langu la viazi. Nilipomaliza kumwosha goti ndipo aliposema, "Taa imeniangusha, Mama Vivian."

Burale hakumfokea. Burale hana ubaya, tuseme haki yake. Alimwambia, "Luseno, ndugu yangu, hii ni ajali, Mungu amekuweka. Lakini ikitokea tena nitampa mwingine hiyo njia. Wenye maduka hawangoji."

Hapo damu ikanichemka. Mume wangu karibu afe, kazi iko ukingoni, na mtu fulani amekaa Donholm anauzia watu vimulimuli ndani ya plastiki. Nikamwachia Wayua kibanda, nikaitia ile taa ya mwisho na ile pawabenki kwenye mfuko, nikajifunga leso kiunoni, nikaenda.

Kwa Ofa wana kaunta ya malalamiko, na juu yake wamebandika tangazo: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Kwa hivyo sijui hapo hulalamika nini. Nyuma ya kaunta alikaa kijana mrefu, kibandiko cha kifua kinasema Muoki. Nikamwaga vitu vyangu mbele yake.

"Niaje, mathe," akasema.

"Mimi si mathe wako. Hii taa yenu imetaka kuniulia mume."

Nilisema mengi. Nilisema kwa sauti ili hata watu waliokuwa kwenye foleni ya nyanya wasikie. Nilisema sisi maskini tusiooga maji ya moto hatukuzaliwa tuuziwe takataka, na kwamba kama hawataki kunibadilishia basi nitasimama mlangoni siku nzima nikiwaelezea wateja. Wanawake wawili wakaitikia, mmoja akasema hata pasi yake iliungua. Muoki alinisikiliza mpaka nikakosa pumzi. Kisha akaichukua taa, akaiwasha. Pale ndani kulikuwa na mwanga mwingi, haikuonekana vizuri.

"Hapa hatuwezi jua," akasema. "Kuja stoo, mathe. Huko kuna giza. Ikikataa nakubadilishia, hata kama boss atakasirika."

Nikamfuata. Stoo ilikuwa ndefu, haina dirisha, imejaa magunia mpaka juu. Akafunga mlango, akazima balbu, akawasha taa ya Luseno.

Niseme nini? Mle ndani kulikuwa kama mchana. Mwisho kabisa wa stoo, mbali, palikuwa na marobota ya unga, nami niliyasoma maandishi yake, hata ile tarehe ndogo ya kuharibika. Niliona utando wa buibui kwenye pembe. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga sabuni huko nyuma alijifunika uso kwa mikono.

"Muoki, toa hiyo kitu kwa macho yangu," akasema.

"Pole, Kavinya."

Akaichomeka pawabenki, ikawasha vitaa vyake vyote. Akaitoa taa, akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Mathe, hii kitu ni fiti. Iko na nguvu kushinda torchi ya soja wa usiku." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Labda buda, mzee wako, apimwe macho."

Nilimtusi. Nilimwambia akapimwe yeye, na mama yake, na huyo aliyempa kazi. Nilimnyang'anya taa nikatoka nikiwapita wale wanawake wa foleni bila kuwaangalia. Nje jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa nahisi baridi. Nilianza kurudi kwa miguu kando ya barabara ya Outer Ring, na kila hatua kitu kimoja kikawa kinanijia. Beseni jekundu. Kikombe. Nguzo ya kibanda. Mkokoteni ulikuwa kando, si mbele. Wayua alimpita bega kwa bega, si uso kwa uso. Nilisimama nikashika chuma cha daraja la wapita njia, mama mmoja akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni jua.

Nilipofika nyumbani Luseno alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mguu wenye goti bovu juu ya kigoda, uso umeelekea mlangoni. Aliniona nikiingia, akatabasamu. Nikavua viatu, nikazunguka taratibu upande wake wa kushoto kana kwamba naenda jikoni. Mwiko ulikuwa juu ya jiko. Nikauchukua, nikarudi, nikasimama kando yake, nikauinua, nikauleta kwa nguvu mpaka shubiri moja kutoka sikioni mwake, nikausimamisha hapo.

Mume yeyote aliyeishi nami miaka yote hii angeruka. Luseno hakupepesa.

"Wamesemaje kuhusu taa?" akaniuliza, bado anatazama mlango.

Mwiko uliendelea kuwa pale hewani.

"Mama Vivian? Umeenda wapi?"

"Niko hapa," nikasema. "Wamesema ni nzima."

Akageuza kichwa kwa sauti yangu, akauona mwiko, akauona uko wapi. Alikaa akiuangalia. Kisha akaushika, akauteremsha polepole mpaka mapajani mwake, akausugua kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta ufa.

"Nilikuwa naomba iwe ni taa, Nerima," akasema. Jina langu huwa halitaji. "Kila nikinunua nyingine nilikuwa naomba hii ndiyo iwe feki, ijayo iwe nzima."

Nikakaa chini sakafuni nikalia. Hakuniambia ninyamaze.

Hospitali ya serikali tulipanga foleni tangu asubuhi. Walimdondoshea dawa machoni, wakampulizia hewa, kisha wakamwingiza uso kwenye mashine kama bakuli jeupe, wakampa kitufe mkononi. Akaambiwa atazame katikati, na kila akiona nukta ya mwanga abonyeze. Mimi nilikaa kwenye benchi nyuma yake. Mwanga sikuuona, ila kitufe nilikisikia. Kilikuwa kinalia tik, tik, kisha kinanyamaza. Kinanyamaza muda mrefu. Nikawa nasema moyoni, bonyeza, Baba Vivian, bonyeza hata kwa uongo.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Akasema ni presha ya macho. Haiumi, akasema, inakula mwanga kutoka kando ikija katikati, mtu haoni anachopoteza kwa sababu mbele anaona. Jicho la kushoto lilikuwa karibu kuisha. La kulia lilibaki na tundu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

"Hii dawa ya matone ni ya maisha," akasema. "Italinda kilichobaki. Kilichoenda hakirudi, mzee wangu. Lini ulianza kuona giza?"

Luseno akafikiri. "Wakati dainamo ilichoka," akasema.

Daktari hakuelewa. Akaandika kitu, akauliza kwa nini hatukuja wakati huo. Tukatazamana. Ungemwelezaje? Kwamba tuliwalaumu Wachina, na Kwa Ofa, na kampuni ya stima, na mchanga ndani ya pawabenki? Kwamba mtaa mzima ulikubaliana nasi? Nikasema, "Tulidhani ni taa," na yule msichana akaitikia kwa kichwa kwa adabu.

Baiskeli ya Burale ilipewa mtu mwingine wa njia ile. Burale alimwita Luseno apange mikate ndani, na ilikuwa hisani kubwa, lakini kwenye tanuri trei za moto hupita huku na huku, na watu hawana muda wa kupiga hodi. Alirudi na mkono umeungua kutoka kiwiko mpaka kifundo. Burale alimleta mwenyewe hadi mlangoni. Alisimama pale amevua kofia, akasema, "Shemeji, nisamehe," nami nikamwambia hana kosa, na hana. Sanduku la bati alituachia. Sasa natilia humo kunde.

Ikawa mimi naamka alfajiri kwenda kuchukua mboga, na Luseno anaketi kibandani kunishikia mahali. Wateja walimzoea. Wakija upande wake wa kushoto wanagonga meza kwanza. Wayua ndiye aliyeanzisha, wala hakutangaza, nikaona tu kila mtu anagonga. Vivian yeye alizikusanya zile taa zote kutoka juu ya kabati na chini ya kitanda, akaziweka kwenye katoni. Nikamwuliza anazipeleka wapi. Akasema stima ikipotea atakuwa anasomea. Zote ziliwaka, kila moja. Luseno alikuwa amekaa hapo hapo anasikia swichi zinavyobofywa.

Niliamini hilo jambo limekwisha. Jumatano moja akaniambia, "Mama Vivian, nisindikize Kwa Ofa."

"Unataka nini huko?"

"Watu kibandani wanasema wameleta mpya. Kubwa, za pikipiki kabisa, ila za baiskeli."

Kelele zilinijia mpaka kooni. Baiskeli huna. Macho yenyewe daktari alisema. Nilimwangalia, amevaa shati lake la kanisani, amejichana nywele, njia ya kitana imekwenda upande. Nikazimeza zote, nikamwambia avae viatu.

Tukaenda, mkono wake begani mwangu. Mlangoni aliliona kapu likiwa mbele yake moja kwa moja, akaliinamia, akaanza kupapasa kama zamani. Muoki akatuona kutoka kaunta. Alinikumbuka, nilijua kwa jinsi alivyosimama wima. Kisha akauona mkono wa Luseno ukitafuta ukingo wa kapu na kuukosa, akaja.

"Shikamoo, mzee," akasema. Safari hii hakuna niaje.

"Marahaba, kijana. Nataka ile yenye nguvu kuliko zote."

Muoki akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa. Akachakura, akatoa taa moja nene ya chuma, akatangulia, tukaingia stoo ile ile, magunia yale yale. Akafunga mlango, akazima balbu.

Akaiwasha. Ilinibidi nifumbe macho. Hata nilipoyafumba niliiona nyekundu ndani ya kope. Nilipofungua, ukuta wa mwisho ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa, na Muoki ameweka kiganja usoni.

Luseno alisimama katikati yetu, shingo mbele, anageuza kichwa kidogo huku, kidogo kule, kama mtu anayetafuta mlango. Alikaa hivyo mpaka Muoki akaanza kutazama chini.

"Ni kama zile zingine," Luseno akasema mwishowe, polepole. Akanigeukia, akanikosa kidogo, akalitazama gunia lililokuwa kando yangu. "Au wewe unaonaje?"

Niliona kila kitu. Niliona mpaka mshono wa gunia.

"Feki," nikasema. "Mrudishie, Baba Vivian. Twende nyumbani."